Kindi na Lango la Vifua Vyenye Vumbi

Hapo zamani za kale, zamani za mbali kiasi kwamba aliyenisimulia mimi naye alisimuliwa na bibi wa bibi yake, Kiboko alikuwa na shamba la minazi kando ya mto. Msicheke. Najua kuwa kiboko hapandi mti. Hata yeye alijua, ndiyo maana kila msimu alitafuta mkwezi wa kumwangulia nazi.

Upande wa pili wa mto palikuwa na shamba la Nyumbu. Huko ndiko Kindi alikokuwa akifanya kazi, yeye na mjomba Kobe. Kindi alikuwa juu, Kobe chini. Kindi aliangua, Kobe aliokota. Na kuokota si kazi ya mchezo, maana nazi ikikuangukia kichwani umekwisha. Kobe ilikuwa ikimwangukia mgongoni, ko, anasema tu, "Hiyo imeiva vizuri," kisha anaendelea na kazi yake.

Desturi ya wakwezi ilikuwa moja tangu enzi: kila mnazi utakaouangua, nazi moja ni yako. Kindi alikuwa na watoto watatu kwenye tundu la mkwaju, na wote watatu walinona kwa nazi hizo.

Sasa Nyumbu ni watu wa kuhama. Asubuhi moja wakasikia harufu ya mvua huko kusini, wakafunga virago, baba, mama, wajomba na vitukuu, wakaondoka huku ardhi inatetemeka, tititi. Shamba wakamwachia Nyati. Nyati akaja na mkwezi wake mwenyewe, Nyani. Kindi na Kobe wakaambiwa asanteni, kwaherini.

Kindi hakuhangaika. Alijua minazi kuliko alivyojua mkia wake mwenyewe. Akawaambia watoto, "Tulieni. Naenda kwa Mzee Kiboko. Jioni mtakula nazi."

Langoni kwa Kiboko alikaa Ngiri.

"Hodi," akasema Kindi.

Ngiri alinyanyuka. Alimjia pua mbele, akamnusa kifuani. Fu, fu, fu.

"Manyoya laini," akasema. "Rudi nyumbani."

"Nimekuja kuomba kazi ya ukwezi, kaka."

"Nimekusikia. Lakini kifua chako hakina vumbi. Mkwezi wa kweli hukumbatia mnazi kutwa nzima, kifua chake kimechubuka na kimejaa vumbi. Wewe unang'aa kama unakwenda harusini."

"Sina vumbi kwa sababu sina kazi."

"Ndicho ninachosema."

"Nikipata kazi, nitapata vumbi."

"Pata vumbi kwanza."

"Nitalipata wapi?"

"Kazini," akasema Ngiri, na akaonekana kuridhika sana na jibu lake.

Nyie mmeelewa hapo? Mimi nimeisimulia hadithi hii mara nyingi na bado sijaelewa. Kindi naye hakuelewa, na Kindi alikuwa na ugonjwa mmoja: akikutana na jambo asilolielewa, haondoki mpaka alijue. Akaketi pale pale langoni, akakunja mkia.

"Nataka kumuuliza Mzee mwenyewe," akasema.

Ikawa bahati kwamba Kiboko alikuwa majini karibu na lango. Akaibuka, bulubulubulu, maji yakamtiririka masikioni.

"Nani anapiga domo hapo?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya kazi wapi?"

"Kwa sasa sina. Nilikuwa kwa Nyumbu."

"Kwa nini Nyumbu alikuacha?"

"Hakuniacha mimi, mzee. Alihama."

"Mkwezi mzuri angemchukua."

"Kule alikokwenda hakuna minazi. Kuna nyasi."

Kiboko akapiga mwayo, na mwayo wa kiboko si kitu kidogo. "Mwanangu, mimi sina ubaya na wewe. Lakini fikiri mwenyewe. Kama ungekuwa na faida, mtu angekuwa amekwisha kukuchukua. Asiyetakiwa na wenzangu, mimi nimtakie nini?"

Akazama. Pale alipozama yakabaki mapovu.

Kindi alirudi nyumbani mikono mitupu. Watoto walikula mbegu za nyasi, nao hawakusema kitu, na hilo lilimuumiza kuliko kama wangelia.

Alirudi tena baada ya siku tatu. Ngiri akamnusa, akasema, "Leo ni laini zaidi kuliko juzi." Alirudi mara ya tatu baada ya siku kumi. Safari hiyo Ngiri hakunyanyuka hata kidogo. "Nakuona unavyong'aa kutoka huku huku," akasema.

Basi Kindi akaanza kujishuku. Alikwenda kwenye dimbwi akajitazama majini. Akatazama kucha, zilikuwa kali. Akatazama meno, yalikuwepo yote. Akajinusa kwapani, mkiani, nyuma ya masikio. Je, kukaa bila kazi kuna harufu? Na kama ipo, mbona mwenyewe haisikii? Ukiambiwa mara tatu kuwa una kasoro, watoto wangu, hata kama huna utaitafuta.

Akiwa bado anajinusa, Nyani akapita anapiga mluzi. Kifua chake kilikuwa kijivu kwa vumbi.

"Shemeji Nyani, unatoka wapi?"

"Kwa Nyati. Naenda kwa Kiboko. Kaniita."

"Si ulikuwa kwa Kiboko wiki iliyopita?"

"Nilikuwa. Nyati akaniita. Kabla ya hapo nilikuwa kwa Nyati, Kiboko akaniita." Nyani akajikuna. "Wananigombania. Kila nikihama wananiongezea nazi."

Kindi akamsogelea. "Niambie kitu kimoja tu. Kwa siku unaangua minazi mingapi?"

Nyani akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mmoja."

"Mmoja?"

"Unatosha kuchafua kifua," akasema Nyani, akaendelea na mluzi wake.

Kindi akabaki amesimama pale pale. Kwa mbali, shambani kwa Kiboko, nazi zilizopitiliza kuiva zilikuwa zinaanguka zenyewe. Pu. Kimya. Pu. Moja ilitoboa paa la banda la Ngiri. Kindi akasikiliza, akahesabu, akafikiri. Kisha akaondoka mbio kwenda kwa Kobe.

Kobe alikuwa amekaa mlangoni kwake anatazama kipande cha tikiti. Kilikuwa chakula chake cha mwisho, naye alikuwa anajaribu kukiheshimu kabla ya kukila. Alikwishafika kwenye lango la Kiboko mara moja kuomba kazi ya kuokota. Ngiri alimnusa mgongoni, akasema gamba ni safi mno, halina alama mpya ya nazi.

"Mjomba," akasema Kindi huku anahema, "nataka uniajiri."

Kobe akatoa kichwa nje pole pole. "Mimi? Nikuajiri kwa kazi gani?"

"Ukwezi."

"Sina mnazi."

"Ule pale nyuma ya nyumba yako ni nini?"

"Ule hauzai. Umekufa kichwa tangu radi ya mwaka juzi."

"Sijasema niangue. Nimesema nipande. Kila asubuhi na kila jioni nitapanda mpaka juu, nitatazama, nitashuka nikuambie nilichokiona. Wewe hujawahi kuona ng'ambo ya kichaka hiki."

Kobe akalifikiria hilo. Kweli, maisha yake yote alikuwa ameona migongo ya majani tu. "Jambo hilo ningelipenda," akakiri. "Lakini nitakulipa nini? Nina kipande hiki cha tikiti tu."

"Kinatosha. Na mimi nakuajiri wewe. Nikiwa juu, utawatazama watoto wangu."

"Na wewe utanilipa nini?"

"Kipande cha tikiti."

"Kipi?"

"Hicho hicho."

Kobe alikaa kimya muda mrefu. Kobe akikaa kimya muda mrefu huwezi kujua kama anafikiri au amelala. Mwishoni akasema, "Kwa nini usijipake vumbi tu la barabarani tukamaliza?"

"Kwa sababu Ngiri ataniuliza tajiri wangu, yaani aliyeniajiri, ni nani, na atakuja kuhakikisha. Sitaki kusema uongo, mjomba. Nataka kuwa na kazi."

Wakaanza kesho yake. Kindi alipanda ule mnazi, kwaru kwaru kwaru, mpaka juu, akatazama, akashuka. "Nyati ameanika mikeka. Mto umepungua pale kwenye mawe. Upande wa machweo kuna wingu dogo." Kobe alisikiliza kama mtu anayesomewa barua. Watoto wa Kindi walipanda mgongoni kwake wakateleza, wakapanda tena.

Jioni Kobe alimlipa Kindi kipande cha tikiti. Kindi akashukuru, akamlipa Kobe kipande cha tikiti. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tano tikiti likawa limekauka hata halitamaniki, watoto wakalila, na wenye kazi wakaendelea na kazi.

Siku ya saba Kindi akatazama kifua chake. Manyoya yamekatika, ngozi imechubuka, vumbi limeganda. Akaenda zake mtoni kuchota maji, akapita mbele ya lango la Kiboko, wala hakugeuza shingo.

Pua ya Ngiri ikashtuka. Fu, fu. "Wewe, Kindi. Simama."

"Siwezi, kaka. Nina kazi."

"Kazi wapi?"

"Kwa tajiri wangu, Bwana Kobe."

"Kobe ana minazi?"

"Mambo ya tajiri wangu siyatangazi njiani," akasema Kindi, akaendelea na safari yake.

Ngiri alikimbia kwa Kobe, mkia umesimama wima kama wanavyokimbia ngiri wote. Akamkuta Kobe amekaa na watoto watatu mgongoni.

"Kindi ni mtu wako?"

"Ni mtu wangu."

"Anapanda?"

"Kila siku. Sauti ya kucha zake ndiyo inayoniamsha."

"Ni mzuri?"

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba.

"Mbona hunijibu?"

Sauti ikatoka ndani. "Nikikujibu mtanichukulia."

Ngiri aliporudi, kwa haraka zake hakupita langoni, alitoboa ukuta wa makuti. Siku hiyo hiyo Nyani alikuwa ameitwa tena na Nyati, na nazi zilikuwa zinadondoka, pu, pu, pu, moja ikamgonga Kiboko puani alipoibuka kupumua. Kwa hiyo Kiboko alimsikiliza Ngiri kwa makini sana.

"Mlete," akasema.

Kindi akaletwa. Kiboko akamtazama kifua. Akalamba midomo.

"Kobe anakupa nini?"

"Kila alichonacho," akasema Kindi, na ilikuwa kweli.

Macho ya Kiboko yakatoka. "Vyote? Mimi siwezi vyote. Lakini nitakupa nazi mbili kwa kila mnazi. Desturi ni moja."

"Siwezi kumwacha Bwana Kobe hivi hivi. Ana watoto watatu wanamtegemea juu ya mgongo wake."

"Tatu."

"Mzee unanitia majaribuni."

"Tatu, na banda la kulala."

Kindi akafunga macho kama mtu mwenye uchungu. "Basi kwa heshima yako, mzee," akasema. Hayo ya kufunga macho nakiri yalikuwa ujanja mtupu.

Kumbe Kindi kazini alikuwa moto. Alipanda minazi kumi kabla jua halijapata ukali, na mingine kumi baada ya hapo. Alikuwa anagonga kila nazi kwa kidole, anasikiliza, anajua hii dafu, hii imeiva. Kwa siku sita hakuna nazi iliyoanguka yenyewe shamba zima. Ngiri akaziba paa lake. Watoto wa Kindi wakarudisha mashavu yao.

Ila tatizo moja lilibaki. Hakuna aliyethubutu kuingia chini ya minazi kuokota. Ngiri alijaribu, nazi ikamwangukia mkiani, akatangaza kwamba yeye ni mlinzi tu. Nazi zikawa zimelala chini, zile za zamani zinaota majani.

Siku ya saba Kobe akafika langoni. Alikuwa ametoka kwake siku mbili kabla.

"Hodi. Natafuta kazi ya kuokota."

Ngiri akamnusa. Gamba lilikuwa na mikwaruzo mipya ya kucha za watoto. Akaridhika nusu. "Una kazi wewe?"

"Ninayo. Nalea watoto."

"Kwa nani?"

"Kwa Kindi."

Ngiri akaanza kuitikia kwa kichwa, kisha kichwa kikasimama katikati. "Ngoja. Na Kindi alikuwa anafanya kazi kwa nani?"

"Kwangu," akasema Kobe, ambaye hakuwahi kujua kusema uongo.

Ngiri akakaa chini. Akachora mviringo mchangani kwa jino lake refu: Kobe, Kindi, Kobe, Kindi. Akautafuta mwanzo wa ule mviringo asiuone. Ndipo akapiga kelele, "Mzee, njoo."

Kiboko akaja, na Kindi akashuka mnazini. Ilichukua muda Kiboko kueleweshwa. Alipoelewa, masikio yake yalizunguka kwa hasira.

"Ulinidanganya."

"Nilikuambia nina tajiri, mzee, na nilikuwa naye. Mjomba alisema napanda kila siku, na nilipanda."

"Mnazi uliokufa kichwa!"

"Ngiri alinusa kifua. Hakuna aliyeniuliza nazi ziko wapi."

"Toka shambani kwangu," akasema Kiboko. "Hukuwa na kazi. Wewe ni asiye na kazi aliyejifunika. Toka, na huyo tajiri wako mtoke pamoja."

Hapo moyo wa Kindi ulianguka, sitawaficha. Aliwaona akilini watoto wake na zile mbegu za nyasi. Angeweza kulia, na angeweza kupiga magoti, na mimi nisingemlaumu. Lakini jambo lile la kwanza, la vumbi na kazi, lilikuwa bado linamkereketa, kwa sababu hakuwahi kulielewa.

Akafungua kamba ya ukwezi aliyojifunga miguuni. Akatembea mpaka langoni, akatoa mguu mmoja nje. Akasimama hivyo hivyo, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Unangoja nini?" akauliza Kiboko.

"Nina swali, mzee, kisha nitakwenda. Mguu huu wa ndani bado uko kazini kwako. Huu wa nje hauna kazi tena. Naomba mnioneshe tofauti yake, ili nami niijue."

"Upuuzi," akasema Kiboko. Lakini akainama. Nani asingeinama? Akautazama wa ndani, akautazama wa nje. Akaurudia wa ndani. Akaita, "Ngiri, wewe ndiye mwenye pua."

Ngiri akapiga magoti. Fu, fu, fu, kwenye mguu wa ndani. Fu, fu, fu, kwenye mguu wa nje. Akafumba macho, akarudia, safari hii taratibu. Juu yao nazi zilizoiva zilikuwa zimejaa, hakuna wa kuziangua. Chini yao nazi zilizoota majani zilikuwa zimejaa, hakuna wa kuziokota.

"Vipi?" akauliza Kiboko.

Ngiri alikuwa amenusa vifua langoni pale kwa miaka kumi na miwili. Akainua uso, na ilionekana dhahiri kwamba jibu linampa tabu.

"Inanuka sawasawa, mzee."

Kiboko akainuka. Alimtazama Ngiri, akamtazama Kobe, akaitazama minazi yake.

"Rudisha mguu ndani," akasema mwishowe.

"Na mjomba?" akauliza Kindi. Mguu ulikuwa bado nje.

"Mjomba wako anaweza nini?"

"Muulize mwenyewe, mzee. Hamjawahi kumuuliza."

Kiboko akamgeukia Kobe na, kwa mara ya kwanza kwenye lango lile, mtu aliyekuja kuomba kazi akaulizwa anajua kufanya nini. Kobe akaanza safari. Alitembea taratibu mpaka chini ya mnazi uliojaa kuliko yote, akaingiza kichwa ndani ya gamba, akangoja. Kindi akarudisha mguu, akapanda, kwaru kwaru kwaru, akaangua.

Ko.

"Hiyo imeiva vizuri," ikasema sauti kutoka ndani ya gamba.

Hapo ndipo ninapowaacha hao na nazi zao, ninyi chukueni hili moja: aliyekosa kazi hakukosa mikono, na ukitaka kuijua mikono yake mpe kazi uione.